Maombi 64 na kimya: kisa cha msimamizi wa ghala

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamume wa miaka 41, aliyesimamia ghala la kampuni moja ya usambazaji kwa miaka 11. Jina lake silitaji, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Kampuni ilipounganisha maghala yake mawili, wasimamizi wawili wakabaki na nafasi moja, na yeye ndiye aliyepunguzwa. Hakuwa na kosa lolote. Barua ilisema hivyo waziwazi na stahiki zake alilipwa. Alipokuja kuniomba ushauri alikuwa na miezi minne nyumbani, maombi 64 yaliyokwisha kutumwa, usaili mmoja, na sentensi moja aliyoirudia kila mazungumzo yalipokwama: "Nimefanya kila kitu."

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu watu wa namna yake huambiwa mambo mawili tu: vumilia, au ongeza bidii. Wanaosema hivyo wana nia njema. Lakini huyu alikuwa na uvumilivu na bidii tele, na vyote viwili vilikuwa vinammaliza. Ninavyoona mimi, anayetafuta kazi huishiwa nguvu pale anapoipima kila siku yake kwa kitu kisichokuwa mikononi mwake, yaani jibu la mwajiri. Akipima hivyo, siku aliyofanya kazi kutwa nzima bila kupata jibu huhesabika kuwa imepotea. Siku za namna hiyo zikifululiza miezi minne, hakuna moyo unaobaki salama. Kuimarika kwake kulianza tulipobadilisha kipimo, wala hatukuhitaji kwanza kubadilisha tabia yake.

Siku isiyo na mwanzo wala mwisho

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Aliamka saa kumi na mbili kama alivyozoea, akavaa, akakaa mezani, akaandika maombi. Kufikia mwezi wa tatu hali ilikuwa nyingine kabisa. Alifungua barua pepe kwenye simu kabla hajatoka kitandani, na asipokuta kitu, siku ilikuwa imeshaharibika kabla ya kupiga mswaki. Mchana alizunguka kwenye kurasa zilezile za matangazo ya kazi bila mpangilio. Maombi yenyewe aliyaandika usiku wa manane, wengine wakishalala, kwa kuwa mchana alijisikia aibu kuonekana amekaa. Akawa anatuma huku anasinzia. Barua moja aliyonionyesha ilikuwa na jina la kampuni nyingine, limebaki kutoka kwenye ombi la juzi yake.

Hali hii imechunguzwa tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walifanya utafiti katika kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, baada ya kiwanda cha nguo kilichokitegemeza kijiji kufungwa. Mtu angedhani wenye muda mwingi watasoma zaidi. Walikuta vitabu vinavyoazimwa maktabani vimepungua, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Wanaume walitembea polepole, wakasimama njiani bila sababu, na wakiulizwa mchana umekwendaje walishindwa kueleza. Miaka mingi baadaye Jahoda alitoa hoja kwamba ajira humpa mtu vitu vitano zaidi ya mshahara: mpangilio wa muda, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo analoshiriki na wengine, hadhi, na shughuli ya kila siku.

Niliposoma orodha hiyo nikiwa na kisa cha huyu bwana mbele yangu, niliona hakupoteza ajira tu. Alipoteza vyote vitano siku moja, kisha yeye mwenyewe akaharibu na kile kimoja ambacho angeweza kukijenga upya hata leo, yaani mpangilio wa muda. Tukaanza hapo. Kazi ya kutafuta kazi ikawa saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, siku tano kwa wiki. Barua pepe mara mbili tu, saa sita na saa kumi. Baada ya saa saba, hakuna kugusa matangazo. Mchana na jioni ni za mambo mengine: mazoezi ya mwili, kazi za nyumbani, na kozi fupi ya programu ya kuendesha hesabu za ghala ambayo matangazo mengi yaliitaja na yeye hakuwa ameitumia.

Alinibishia. "Je, nikipitwa na tangazo?" Ni hofu inayoeleweka, lakini haina msingi mkubwa, maana nafasi nyingi hukaa wazi kwa siku kadhaa au wiki. Anayekosa kazi kwa kuchelewa saa chache ni nadra. Anayekosa kwa kutuma barua yenye jina la kampuni nyingine si nadra hata kidogo.

Kulikuwa na jambo la nyumbani pia, nalo nililipa uzito kuliko alivyotarajia. Kila jioni mke wake alimuuliza, "Wamekujibu?" Aliuliza kwa upendo. Yeye alilisikia swali kama hukumu, akaanza kukwepa kukaa sebuleni. Walikubaliana kwamba habari za kazi zitazungumzwa Jumamosi jioni, kwa kirefu, wakiwa na daftari mezani, na siku nyingine mke haulizi, isipokuwa mume mwenyewe aanze. Jumamosi ya kwanza wakapiga hesabu waliyokuwa wakiikwepa wote wawili: akiba na mshahara wa mke vingewafikisha wapi. Jibu lilikuwa miezi mitano. Haikuwa habari nzuri, lakini ilikuwa na mwisho unaojulikana, na alinieleza kuwa usiku ule alilala. Pia walipanga kabisa kwamba ikipita miezi mitatu tangu Jumamosi ile bila ajira, atakubali kazi yoyote halali ya muda. Uamuzi ule ulifanywa wakiwa na akili tulivu, sio siku akiba inapokata.

Panapovuja

Kisha tukafungua jedwali. Maombi yote 64, kila moja kwenye mstari wake: nafasi gani, tangazo lilidai nini, alituma nini, kilitokea nini. Alilijaza mwenyewe kwa asubuhi mbili. Yeye alikuwa msimamizi wa ghala. Mtu akimletea malalamiko kwamba mali inapungua, hapigi kelele, anafuata bidhaa kutoka mapokezi hadi mlangoni mpaka aone inapopotelea. Safari yake ya kutafuta kazi nayo ilihitaji kukaguliwa hivyohivyo. Kutoka kwenye ombi kwenda kwenye usaili, kutoka usaili kwenda kwenye barua ya ajira: mtu anapotelea hatua gani?

Jedwali lilijibu bila huruma. Katika maombi 64, nafasi alizotimiza masharti yake makuu zilikuwa 23 tu. Nyingine 41 aliziomba kwa kubahatisha: meneja wa mauzo, ofisa rasilimali watu, hata mhasibu. Alipoziona zote pamoja alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe sikukataliwa mara 64." Ilikuwa kweli. Kwa zile 41 hakuwa mshindani tangu mwanzo, na kimya kile hakikuwa na neno lolote la kusema juu ya uwezo wake. Naona hili lina faida kubwa kwa moyo kuliko maneno ya faraja, kwa sababu ni kweli na amelikuta mwenyewe.

Lakini hata zile 23 zilizaa usaili mmoja tu. Kwa hiyo tatizo la kwanza halikuwa usaili, lilikuwa karatasi. Wasifu wake ulikuwa wa kurasa nne, ukianza na shule ya msingi. Miaka 11 ya ghala ilielezwa hivi: "Nilihusika na usimamizi wa ghala na majukumu mengine niliyopangiwa." Nilimuuliza maswali ya kawaida. Wangapi walikuwa chini yako? 14. Hesabu ya mali ilifanyika lini? Awali mara moja kwa mwaka, yeye akaleta ya kila wiki kwa mafungu. Upotevu ulikuwaje? Ulishuka kutoka asilimia 4 hadi chini ya 1 ndani ya miaka miwili. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye wasifu. Aliona ni kujisifu.

Sentensi mpya ikawa: "Nilisimamia wafanyakazi 14, nilianzisha hesabu ya mali ya kila wiki kwa mafungu, na upotevu ukashuka kutoka asilimia 4 hadi chini ya asilimia 1 kwa miaka miwili." Hapa hakuna sifa hata moja. Hakuna "mchapakazi", hakuna "mwenye kujituma". Kuna kazi iliyofanyika, na msomaji anaamua mwenyewe. Kurasa zikawa mbili, na maneno ya tangazo yakatumika vilevile yalivyo pale yalipolingana na ukweli, kwa kuwa waajiri wengi siku hizi hupitisha maombi kwenye programu inayotafuta maneno hayo kabla binadamu hajayaona.

Idadi ya maombi ikashuka hadi matatu au manne kwa wiki. Kipimo chake kikawa kile anachoweza kukimaliza: je, wiki hii nimetuma matatu yaliyopikwa vizuri, nimezungumza na watu wawili, nimefanya somo la kozi? Jibu la mwajiri likaandikwa kwenye jedwali kama taarifa tu.

Watu ambao hakuwa amewaambia

Katika miezi minne alikuwa amewaeleza watu watano kwamba hana kazi, wote ndugu wa karibu. Wasambazaji aliofanya nao biashara miaka 11, madereva, wakaguzi wa hesabu, wenzake wa zamani waliohamia kwingine, wote hawakujua. Alihofu kuonekana ombaomba.

Mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 makala kuhusu jambo hilihili. Aliwauliza wanaume wa taaluma na uongozi katika mji mmoja wa Massachusetts, Marekani, namna walivyopata kazi. Kati ya waliopata kupitia mtu, asilimia 17 hivi tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walionana naye mara mojamoja, na zaidi ya robo kwa nadra. Sababu yake inaeleweka: ndugu wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua, ilhali mtu wa mbali kidogo anaishi katikati ya habari nyingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusu watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kuunganisha watu wa kazi, na yakaongeza jambo muhimu: wanaosaidia zaidi ni wa mbali kiasi. Mtu usiyefahamiana naye kabisa hana msaada mkubwa.

Kwa hiyo hatukuandika ujumbe kwa watu asiowajua. Aliorodhesha watu 20 aliowahi kufanya nao kazi, akaanza na wanne. Ujumbe wa kwanza, kwa mwanamama aliyekuwa akiratibu usafirishaji kwa mmoja wa wasambazaji wao, ulikuwa huu:

"Habari za siku nyingi, dada. Natumaini wewe na familia mu wazima. Mwezi wa tatu kampuni iliunganisha maghala, nafasi yangu ikafutwa. Natafuta usimamizi wa ghala au udhibiti wa mali. Sikuombi kazi, naomba tu dakika 15 za kunieleza huko mliko mambo ya maghala yanakwendaje na nani anapanuka. Nitapiga siku utakayonipangia."

Alijibiwa ndani ya saa moja, na jibu lilianza kwa malalamiko: mbona hukusema mapema, kaka? Naipenda sentensi ya "sikuombi kazi" kwa sababu inamwondolea mpokeaji mzigo wa kukataa. Anaombwa kitu anachoweza kutoa. Kati ya watu 20, 13 walizungumza naye. Hata kabla hawajaleta nafasi yoyote walimrudishia kitu kingine: alikuwa tena akiongea na watu wa kazi yake kwa lugha ya kazi yake, nao wakimuuliza maoni. Hicho ni cha pili kwenye orodha ya Jahoda, na cha nne.

Swali lililomwangusha

Maombi 15 yaliyofuata yalizaa usaili mara tano. Hakuna hata mmoja uliozaa ajira. Huu ndio wakati ambao angeweza kuvunjika kabisa, na ndipo jedwali lilipomsaidia kwa mara ya pili: tobo lilikuwa limehama. Karatasi sasa ilifanya kazi. Kilichobaki kilikuwa chumba cha usaili.

Nilimwomba ajirekodi kwenye simu akijibu maswali ya kawaida. Alikuwa mzuri mpaka swali la kwa nini aliondoka. Hapo sauti ilibadilika. "Waliniondoa baada ya miaka 11. Wakamwacha yule mwenye miaka mitatu. Mimi ndiye niliyemfundisha." Kila neno lilikuwa kweli. Lakini anayesikiliza upande wa pili wa meza hana namna ya kupima haki iko kwa nani. Anachosikia ni mtu anayezungumza kwa uchungu kuhusu mwajiri wake.

Kumwambia "usionyeshe hasira" hakusaidii kama hasira yenyewe haijapata pa kutokea. Stefanie Spera, Eric Buhrfeind na James Pennebaker walichapisha mwaka 1994 utafiti kuhusu wataalamu 63 walioachishwa kazi. Kundi moja liliandika kwa siku tano mfululizo, dakika 20 kila siku, mawazo na hisia zao za ndani kabisa kuhusu kupoteza kazi. Miezi kadhaa baadaye kundi hilo lilikuwa limepata kazi kwa wingi zaidi kuliko wengine, ingawa hawakutuma maombi mengi zaidi. Tofauti haikutokana na juhudi ya kutafuta, na maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba waliingia kwenye usaili wakiwa wameutua mzigo.

Aliandika jioni tano. Sikuomba kuyasoma. Kisha tukatengeneza jibu fupi: "Kampuni iliunganisha maghala mawili na nafasi yangu ikafutwa. Nilikabidhi hesabu zote zikiwa safi. Ninachotafuta sasa ni ghala linalokua, ndiyo maana tangazo lenu lilinivutia." Alilirudia kwa sauti mpaka likatoka bila kukaza taya.

Tuliongeza mpango wa siku mbaya. Katika Chuo Kikuu cha Michigan kulikuwa na programu ya warsha kwa watu waliopoteza kazi, ambayo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1989, na sehemu yake moja ilikuwa kuwaandaa washiriki kwa vikwazo kabla havijatokea: wavitaje, wapange watafanya nini. Yeye aliandika mipango mitatu. Wa kwanza ulisema: nikipata barua ya kukataliwa, naijaza kwenye jedwali, natembea nusu saa, narudi kwenye kazi iliyokuwa inafuata. Inaonekana ndogo mno. Lakini siku barua inapofika, mtu hana nguvu ya kubuni cha kufanya. Ana nguvu ya kufuata alichokwisha kupanga.

Kilichotokea

Kazi ya muda ilikuja kwanza, katika mwezi wa sita tangu apunguzwe, kupitia yule dada wa usafirishaji: wiki tano za kuhesabu mali kwenye ghala lililokuwa likibadilisha mfumo. Alisita kwa sababu cheo kilikuwa cha chini. Nilimsihi aichukue, na si kwa ajili ya pesa peke yake. Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo walichapisha mwaka 2013 jaribio lililotumia maelfu ya wasifu wa kubuni uliotumwa kwa waajiri wa Marekani. Kadiri muda wa kukaa bila kazi ulivyoongezeka ndivyo walivyoitwa kwa uchache, na anguko kubwa lilikuwa ndani ya miezi minane ya mwanzo. Si haki, lakini ndivyo wasifu unavyosomwa, na wiki tano za kazi halisi huziba pengo hilo.

Ajira ya kudumu ilipatikana mwezi wa saba, kwa tangazo la kawaida, kwenye kampuni ambayo hakuwa na mtu anayemjua. Nalisema hili wazi ili nisikipambe kisa. Watu wake hawakumpatia ile kazi moja kwa moja. Walimpatia wiki tano, mrejea mpya, yaani mtu wa kumshuhudia kwa mwajiri, aliyezungumza juu yake kwa habari za juzi badala ya habari za miaka 11, na ujuzi wa mfumo ule mpya wa ghala, ambao ndio ile programu ya hesabu aliyokuwa akijifunza kwa kozi. Kwenye usaili aliulizwa kuhusu mfumo huo kwa kina, akajibu kama mtu aliyeushika kwa mikono yake.

Walimpa unaibu, ngazi moja chini ya alipokuwa. Hakujibu palepale, aliomba siku mbili, akaangalia ile hesabu ya Jumamosi, akaona bado wana wiki sita. Kwa hiyo hakuwa akikubali kwa kukatwa pumzi. Alirudi na ombi moja, kwamba cheo na mshahara vipitiwe upya baada ya miezi sita kwa vigezo viwili vinavyopimika: upotevu wa mali na muda wa kutoa mzigo. Wakakubali, akataka iandikwe kwenye mkataba, wakaiandika. Wapo waliomlaumu kwa kushuka ngazi. Mimi naona alichagua sawasawa: ghala lile linaongezwa jengo la pili, msimamizi wake anakaribia kustaafu, na vigezo viwili alivyovitaka ndivyo hasa alivyovishinda kwa miaka 11.